Mrejesho: mbegu za viazi vikuu nilizoagiza mtandaoni, nimelipia 40 nimevuna 11

Jamani huu mrejesho nimekaa nao mwaka mzima. Niliapa siandiki kitu mpaka nivune, maana kiazi kikuu sio mchicha kwamba wiki ya tatu unachuma halafu unakuja kusifia au kuponda, hiki unakifukia masika hii unakuja kukiona masika nyingine inabisha hodi. Sasa nimevuna, nimerudi Dar juzi na mikono bado inawasha, kwa hiyo nasema yote.

Kwa wenye haraka: mbegu nyota moja na nusu kati ya tano. Ufungaji na usafirishaji sifuri. Huduma kwa mteja nyota nne, kweli tena, yule dada muuzaji ni mpole mpaka unashindwa kumgombeza. Kiazi chenyewe kama kiazi, tano, ila hiyo tano haimhusu yeye. Jina la ukurasa wake siweki, wauzaji wa namna ile wako wengi na wote wanatumia picha ile ile, ukisoma mpaka chini utamjua wa kwako.

Stori ilianza hivi. Bibi yangu aliacha kihamba huko Uru, Moshi, upande wa juu, sio mbali na Shimbwe Juu, kile kijiji ambacho vihamba vyake FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliviingiza kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Kwa msiyejua, kihamba ndio ile bustani ya Wachaga inayozunguka nyumba, miti mikubwa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, halafu chini kabisa magimbi na maharage, na kwenye miti ya bibi kulikuwa na viazi vikuu vinapanda mpaka huko juu shingo inauma kuangalia. Halikuwa shamba la viazi, hakuna aliyewahi kuvihesabu. Mti huu una chake, mti ule una chake, bibi anavijua vyote kwa kichwa, wageni wakija anaenda na panga na jembe anarudi na kipande, basi. Alipofariki baba mdogo ndio akawa anaangalia, kahawa ikazeeka, miringaringa miwili mikubwa ikauzwa mbao, na mti ukiondoka kiazi kimekosa ngazi. Nilivyokuja kushtuka vimebaki mashina mawili tu tena yamechoka.

Mi naishi Kimara na kila Ramadhani nikipita sokoni naona viazi vikuu vinavyopanda bei, watu wa futari hawana utani na kiazi kikuu cha nazi, ukichelewa unakuta magimbi na mihogo tu. Nikasema hapana, kihamba kipo, mvua ipo, ngoja nirudishe viazi vya bibi, nikila nakula nikiuza nauza. Tatizo likawa mbegu. Kiazi kikuu hakina mbegu ya pakiti, unapanda kiazi chenyewe, ama kichwa chake ama kipande, na sehemu kubwa mlimani mtu hauzi mbegu, unaomba kwa jirani. Mi mtu wa Dar nimezoea kuomba kwa simu.

Nikaingia mtandaoni. Ukurasa wa kwanza tu nikakutana na picha ya mwanaume ameshika kiazi kirefu kama mtoto wa darasa la pili, nyuma yake shamba tambarare limejaa matuta makubwa ya mviringo na kila tuta lina mti wa kuegeshea. Maelezo yanasema mbegu bora ya kisasa, inakomaa siku 90, kilo 10 kwa shina, inastawi popote Tanzania. Popote! Nikamwandikia.

"Dada habari, hizi zinafaa Moshi juu? Kuna baridi."

"Zinafaa kabisa dia, wateja wangu wengi wako Moshi."

"Zitaota baada ya muda gani?"

"Wiki mbili tu mpenzi, zimeshaamka hizo."

Kipande shilingi 2,500, nikachukua 40, laki moja. Nauli ya mzigo kwenye basi 12,000. Nikatuma kwa simu mwisho wa Januari, nikamwambia baba mdogo aende kupokea mzigo stendi Moshi na mimi nikaomba likizo ya siku nne nipande kwa mkono wangu.

Hapa ndio pa kukaa kidogo maana ndio nilipopigwa. Mzigo ulichelewa siku mbili njiani, hilo simlaumu, mabasi ndio yalivyo. Lakini ule mfuko wa salfeti tulivyoufungua sebuleni, ndani vipande vimefungwa kumi kumi kwenye mifuko ya nailoni, imefungwa fundo, haina hata tundu la sindano, na nailoni yenyewe sijui kaitoa wapi wakati mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019. Maji yamejaa ndani kama umefungia ugali wa moto. Nikafungua fundo la kwanza, ile harufu, shangazi akatoka jikoni akauliza mmeleta samaki? Vipande viko laini, ukibonyeza kidole kinaingia na kutoka na ute wa kahawia. Tukamwaga vyote kwenye turubai tukahesabu, 14 vimeoza kabisa, vingine vina ukungu wa kijani kwenye sehemu iliyokatwa. Yaani hata kabla ya jembe kugusa udongo nimeshapoteza 35,000.

Baba mdogo akasema ngoja nimwite Meku. Meku ni mzee jirani, umri wake sijui, ila bibi yangu alikuwa anamwita kijana, na ndio mtu pekee pale kwetu ambaye bado ana viazi kwenye miti karibu kumi. Akaja na fimbo yake, akainama kwenye turubai, akaokota kipande, akakinusa, akakigeuza geuza kama mtu anayekagua simu ya mtumba.

"Binti, umenunua shingapi hiki?"

"Elfu mbili na mia tano, Meku."

Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akaanza kuvipanga. Huku hivi, huku hivi. Mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa na vipande vitano tu, akasema hivi ni vichwa, yaani ile sehemu ya juu kiazi kilipokuwa kimeshikana na kamba, hivi vinaota haraka na vinaota kweli. Fungu la pili katikati ya kiazi. Fungu la tatu mkia, kule chini kwenye ncha. Katikati na mkia navyo vinaota, kiazi kikuu hakina macho kama kiazi mviringo, chipukizi linajitengeneza lenyewe chini ya ganda, kwa hiyo kipande chochote chenye ganda kina uhai, ila kinachelewa, na mkia ndio unachelewa kuliko vyote. Halafu akauliza swali ambalo mi sikuwa nimewahi kulifikiria, hivi vilichimbwa lini?

Mnaona. Kiazi kikuu kikichimbwa kinalala. Miezi miwili, mitatu, vingine zaidi, umwagie maji umwimbie hakiamki mpaka usingizi uishe, na ndio maana kinakaa stoo muda mrefu bila kuharibika. Kama yule dada alinunua viazi sokoni vilivyochimbwa Desemba akavikata Januari, basi "zimeshaamka hizo mpenzi" ilikuwa uongo mtupu, vilikuwa usingizini fofofo. Muuzaji wa mbegu anayejua kazi anasubiri jicho, yaani lile chipukizi, lianze kutokeza kwanza ndio anakata. Nilivyomuuliza dada vilichimbwa lini alinijibu "ni freshi kabisa dia", kumbe freshi ndio ugonjwa wenyewe.

Ila nitende haki, kukata vipande vidogo sio utapeli. Kule Nigeria, ambako ndiko inakotoka karibu theluthi mbili ya viazi vikuu vya dunia nzima, watafiti wa kituo cha mazao ya mizizi cha Umudike na wale wa IITA, taasisi ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, walitengeneza utaratibu wa vipande vidogo vya gramu 25 mpaka 50, kwa sababu mkulima alikuwa analazimika kurudisha ardhini sehemu kubwa ya mavuno yake kama mbegu. Lakini kile kipande kidogo wanakikata kwenye kiazi kilichoamka, wanakipaka dawa ya ukungu na majivu, wanakiacha jeraha likauke, halafu kinaoteshwa kwanza kwenye maranda ya mbao ndio kinaenda shambani, na msimu wa kwanza unavuna kiazi kidogo cha mbegu, sio dude la kilo 10. Vya kwangu vimekatwa vikaingizwa kwenye nailoni vingali vinavuja. Ni sawa na kumfanyia mtu operesheni halafu unamfungia kwenye begi apande basi la Moshi.

Tukavipaka majivu ya jikoni vilivyobaki 26, tukavianika kivulini kwenye uchaga siku mbili, ndio tukaanza kuchimba.

Sasa upandaji wenyewe, hii niliona kwa macho na ninaiweka kwa sababu kwenye maelezo ya muuzaji kulikuwa na mstari mmoja tu, "panda kwa nafasi ya mita moja". Mita moja ya wapi na kihamba kimejaa migomba? Meku hapimi mita, anachagua mti. Alizunguka na mimi asubuhi nzima anaupiga mti mmoja mmoja kwa fimbo. Mparachichi akaukataa, kivuli kizito na wachuma parachichi watakukatia kamba. Mringaringa aliupenda kwa sababu unapukutisha majani, jua linapita. Msesewe, ule ambao magome yake machungu yanatiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, akaukubali. Mgrevilea akasema hewala, sio mbaya, ila usiupogoe mwaka huu. Mti ukishachaguliwa shimo linachimbwa pembeni kidogo kama hatua moja na nusu kutoka shinani ili usikate mizizi mikubwa, upande wa juu wa mteremko ili maji yasisimame, kina chake kijana wetu alikuwa akiingiza mkono mpaka begani. Chini kabisa Meku akaweka jiwe bapa. Nikauliza la nini, akacheka, akasema ni ili kiazi kikifika pale kiamue kunenepa badala ya kuendelea kukimbia, la sivyo utakichimba mpaka Mombasa. Juu ya jiwe majani makavu ya mgomba, halafu samadi ya ng'ombe iliyooza imechanganywa na udongo wa juu, wa chini ule mwekundu hautakiwi, kipande kinalazwa ganda likiangalia juu, kinafukiwa kiganja kimoja, halafu matandazo ya majani ya mgomba mengi mpaka inakuwa kama kiota cha kuku. Mwisho anachomeka fito kutoka kwenye kiota mpaka kwenye shina la mti, hiyo ndio ngazi ya kuanzia.

Mashimo sita ya kwanza tulifanya hivyo. Yaliyobaki nakiri tulifanya kijuujuu, siku nne ni chache na kijana alikuwa analipwa kwa shimo.

Kabla sijaondoka Meku akaniletea vichwa vitatu vya kwake, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Vina ukubwa wa ngumi mbili na kila kimoja kina jicho la zambarau limeshatokeza kama ncha ya kalamu. Nikatoa pochi, akakasirika. Akasema kichwa hakiuzwi, ukivuna utanirudishia kichwa. Tukavipanda siku hiyo hiyo.

Basi nikarudi Dar kuanza kusumbua watu kwa WhatsApp. Wiki mbili, kimya. Wiki ya tatu vile vitatu vya Meku baba mdogo akanitumia picha, vimetoka, kamba nyekundu nyeusi inapapasa fito. Vya dukani kimya. Mwisho wa Machi viko vitano, na niwape kitendawili kisichohitaji akili, ni vipande gani? Vile vichwa vitano. Katikati ya Mei jumla ikafika 15. Vilivyobaki 11 tukafukua, vimegeuka uji. Nikamwandikia yule dada nikamtumia picha zote, akajibu ndani ya dakika moja, hapo ndio ile nyota nne, "pole sana mpenzi, udongo wako utakuwa na shida". Udongo wa Kilimanjaro. Wa volkano. Dada, vya Meku viko shimo la pili yake hatua sita vinaota!

Halafu ikaja ishu ya wale wanne. Kati ya wale 15 kulikuwa na vinne ambavyo kwenye mzigo vilikuwa vya mviringo, vizima, havijakatwa, mi nikafurahi nikajua nimependelewa. Juni nimeenda kwenye msiba Meku akanishika mkono akanipeleka kwenye mti mmoja. Akasema shika kamba hii. Nikashika, kamba ya kiazi cha kawaida, sio ya mviringo, ina pembe nne na kila pembe ina kiukingo chembamba kama bawa, na majani yake yanatoka mawili mawili yanaangaliana. Sasa shika hii. Mviringo, laini, jani moja moja, limekaa kama moyo, kubwa kama sahani. Na hata inavyouzunguka mti inazunguka upande mwingine. Kumbe nimeuziwa kile kiazi kinachozaa huku juu kwenye kamba, vinundu vinaning'inia hewani kama viazi mviringo vilivyopotea njia. Vipo vinavyolika, vipo vichungu vyenye sumu, na usipojua asili yake humpi mtu. Meku akasema ving'oe. Tuking'oa vinne kutoka 15 tunabaki na 11, hesabu ndio hiyo kwenye kichwa cha habari.

Turudi kwenye zile siku 90, maana ndio zinazouza. Hakuna kiazi kikuu cha siku 90. Hiki chetu cha kamba ya pembe nne, kitaalamu Dioscorea alata, asili yake ni Asia ya kusini mashariki, kinataka miezi minane mpaka kumi hata kikiwa sehemu ya joto, na kinapenda joto la digrii 25 mpaka 30. Juu kule Uru asubuhi ya Julai unaongea moshi unatoka mdomoni. Kwa hiyo kinajivuta, kinakunywa mvua ya masika, kinakaa na ukungu, kinasubiri. Ukungu wenyewe nao una gharama, Mei na Juni majani yangu kadhaa yaliingia madoa meusi, ncha za kamba zikakauka kama zimeunguzwa na moto, ugonjwa unaoitwa antraknosi unaipenda sana hii aina na unapenda majani yanayokaa na unyevu. Walioumia zaidi ni vile vilivyokuwa kwenye fito fupi chini chini kwenye giza la migomba, vilivyopanda mtini vikapata upepo vilipona. Hapo ndio nikaelewa kumbe mti sio pambo.

Na ile picha ya yule mwanaume, naomba wauzaji muache kuitumia. Yale matuta ni ya tambarare za Afrika Magharibi, kule watu wanainua tuta la udongo kubwa kwa jembe na kukata miti ya kuegeshea, ni kazi ya mgongo haswa. Ukimwambia mtu wa mteremkoni ainue matuta ya namna ile, mvua moja tu ya Aprili udongo wote unahamia kwa jirani wa chini. Huku tunachimba shimo moja pale pale kwenye mti, mizizi na migomba inaendelea kushika ardhi. Mbegu ikiletwa na maelezo ya sehemu nyingine inakuwa kama umenunua redio yenye kitabu cha maelekezo ya pasi.

Ah, na fuko. Hakuna anayetaja fuko. Fuko alikula kiazi kimoja kutoka chini, juu kamba imenawiri majani yanang'aa, tumechimba tukakuta gamba tupu limebaki kama soksi. Meku anatega mitego, mi nilikuwa Dar nakula chipsi.

Mavuno. Majani yalianza kuwa ya njano Desemba, kamba zikakauka, nikaenda mwanzoni mwa Februari kabla ya Ramadhani. Kiazi kikuu huking'oi, unakifukua. Unaanza mbali na panga kutoa mizizi ya mgomba, halafu mkono. Udongo ule mweusi uliotiwa samadi unatoka kwa urahisi, mara unagusa kitu kina manyoya manyoya kama kidevu cha mtu ambaye hajanyoa siku tatu, unafuata ubavu wake taratibu unapapasa mwisho uko wapi, kijana anasema vuta, Meku anasema ole wenu. Kikikatika jeraha linaoza. Kwenye mashimo yale sita yenye mawe tulikuta viazi bapa vipana kama mguu wa tembo, vimefika kwenye jiwe vikageuka. Vya mashimo ya kijuujuu ni virefu vyembamba, viwili vilikatika ardhini na vipande vyake viko huko mpaka leo.

Kikubwa cha dukani kilikuwa kilo 3 na ushee. Vingi kilo moja na nusu mpaka mbili, vingine chini ya hapo, na kile cha fuko nimekihesabu kwa heshima tu. Jumla kilo 19. Sasa pigeni hesabu na mimi, 112,000 gawa kwa 19, karibu shilingi 5,900 kwa kilo, hapo sijaweka kijana wa mashimo, sijaweka nauli zangu, sijaweka likizo. Ningechukua bodaboda mpaka sokoni ningerudi na viazi na chenji. Vichwa vitatu vya Meku vilivyokuja bure vimetoa kilo 14.

Kuna kitu nimejifunza hapo kwenye kuvuna, bibi anisamehe. Meku hakufukua vyake vyote kama mimi. Kwenye miti yake anafukua ubavu mmoja wakati kamba bado ina majani, anakata kiazi chini ya kichwa, kichwa anakiacha kimeshikana na kamba na mizizi, anapaka jivu, anarudisha udongo na matandazo. Kile kichwa kinatengeneza viazi vingine vidogo, hivyo ndio mbegu yake ya mwaka unaofuata. Mbegu anayo shambani muda wote, haendi kuagiza kwa mtu. Ndio maana bibi alikuwa anarudi na "kipande", miaka yote sikuwahi kujiuliza kipande kingine kilibaki wapi.

Upande wa kula sasa, hapa sina malalamiko. Kukimenya kibichi mikono inawasha, vile vijiwe vidogo vidogo vya oksaleti ndani ya ule ute vinachoma ngozi, pakaa mafuta ya kula kwanza au chemsha na ganda lake ndio umenye. Ukikikata kikiwa kibichi kinageuka rangi ya chai haraka, tia kwenye maji yenye ndimu. Nilikipika nazi, chumvi, kitunguu na pilipili moja nzima juu, kimeshika nazi bila kuvurugika, sio kama kiazi kitamu kinachokimbilia kuwa uji. Asubuhi kule Uru tulikula cha kuchemsha na kahawa nyeusi, kikavu, kinamenyuka unga unga, shangazi kala vipande vinne akanyamaza. Vya Meku vina ladha zaidi au mi nimeshakuwa na upendeleo, sijui, mume wangu anasema ni vile vile.

Kosa langu moja, msirudie. Nilivyofika Dar nikaogopa joto nikaweka viazi viwili kwenye friji. Siku ya tano nimetoa, vina madoa ya kahawia ndani na vimelegea. Kiazi kikuu ni mtoto wa nchi za joto, chini ya digrii 12 hivi kinaungua na baridi. Kiache sakafuni penye hewa na giza, hakitaki kitu kingine, kinakaa miezi.

Kwa hiyo ukiwa lazima ununue mbegu mtandaoni, na kuna watu hawana Meku nawaelewa, muulize muuzaji vilichimbwa mwezi gani, akutumie picha ya leo ya jicho lililotokeza akiwa ameweka kidole chake pembeni, aseme ni kichwa au katikati au mkia na bei iwe tofauti maana thamani yake sio moja, aseme pia vimetoka joto au baridi. Afunge kwenye gunia la katani au boksi lenye maranda na matundu. Akisema siku 90 funga simu. Na usinunue 40 kama mimi, nunua vitano ujaribu, kama una miti mitano. Kama huna miti anza na miti.

Nimempa huyo dada nafasi ya kujibu kabla sijapost, nimemtumia hizi hesabu zote na picha ya kilo 19 kwenye mzani. Amesoma. Amejibu "hongera sana kwa mavuno dia", halafu akanitumia katalogi ya miche ya vanila.

Vichwa vitatu nimempelekea Meku jioni kabla ya kupanda basi, vikubwa kuliko alivyonipa. Akavipima mkononi kimoja kimoja, akachukua viwili, cha tatu akanirudishia, akasema mringaringa wa nyuma ya zizi la bibi yako bado haujapata kitu.